Salfa ndani ya seli: kwa nini makopa na kitoweo ni hesabu moja

Ukitaja salfa Tandahimba au Newala, mtu anawaza unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani na maua kama unga. Salfa hiyo ina kazi yake na tutaifikia. Tunayotaka kuizungumzia hapa ni ile iliyomo mwilini, takriban gramu 140 kwa mtu mzima wa kilo 70, sehemu kubwa ikiwa imefungwa ndani ya protini. Hii ndiyo inayoilinda seli isiharibiwe na oksijeni ambayo seli yenyewe inaitumia kila sekunde. Hiyohiyo ndiyo inayotumika kuitoa mwilini sianidi ya muhogo. Kazi ni mbili, akiba ni moja. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi, ambako ugali wa makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyokaushwa, bado ni chakula cha nyumba nyingi, namna makopa yanavyotayarishwa na kitoweo kinachowekwa kando yake ni jambo moja, na ni kosa kuyafundisha kama masomo mawili.

Tuanze na seli. Asidi amino ni vijenzi vya protini; zenye salfa zinazotuhusu ni methionini na sisteini. Methionini mwili hauwezi kuitengeneza, lazima iliwe. Sisteini hutengenezwa kutokana na methionini, hasa kwenye ini, kwa hiyo mlo ukipungukiwa na methionini zote mbili huyumba. Kwenye ncha ya sisteini kuna atomu ya salfa iliyoshika haidrojeni moja, tena imeishika kwa ulegevu. Ikija molekuli kali kama haidrojeni peroksidi, salfa huachia elektroni, na salfa mbili zilizopoteza haidrojeni zao hushikana zenyewe kwa zenyewe. Zikirudishiwa elektroni, huachana na kuwa kama zilivyokuwa. Kutoa na kurudishiwa elektroni huko ndiko kunakoitwa ridoksi.

Jambo la kushangaza kuhusu salfa ni hilo la kurudi. Mafuta ya utando wa seli yakishaoksidika, au DNA ikishakatika, seli hulazimika kukata, kutupa na kujenga upya. Salfa ya sisteini inaweza kuoksidika na kurejea mara nyingi bila protini kuharibika. Hata methionini iliyooksidika ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, cha kuirudisha. Ndiyo sababu mwili umeiweka salfa kwenye sehemu ambazo moto wa kikemia huwaka kwanza.

Mlinzi mkuu ni glutathioni, molekuli ndogo ya asidi amino tatu: glutameti, sisteini na glisini. Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1921. Ndani ya seli hupatikana kwa wingi wa milimola 1 hadi 10 kwa lita, kiwango kikubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na seli yenye afya huiweka karibu yote katika hali yenye haidrojeni, tayari kwa kazi. Kimeng'enya chenye seleniamu huchukua glutathioni mbili na peroksidi moja, kikageuza peroksidi kuwa maji. Glutathioni hizo mbili hubaki zimefungana. Kimeng'enya kingine, kinachohitaji vitamini B2, huzifungua kwa elektroni zinazoletwa na molekuli iitwayo NADPH.

NADPH hiyo inatoka kwenye sukari, kwa njia inayoanzishwa na kimeng'enya cha G6PD. Seli nyekundu za damu hazina mitokondria, vinu vya nishati vya seli, wala njia nyingine ya maana ya kuipata. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo yenye malaria ya muda mrefu kama pwani yetu, anaweza kuishi miaka bila kujua. Kisha siku moja anapewa dapsoni, au primakwini ya siku nyingi, au mtoto mchanga anavalishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo. Glutathioni ya seli nyekundu inaisha, haina wa kuirudisha, seli zinapasuka. Dalili ni mkojo mweusi wa rangi ya kahawa, macho ya njano, uchovu na kuhema. Dawa inasimamishwa na mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo wanaume na watoto wa kiume ndio huathirika zaidi. Dozi moja ndogo ya primakwini ya kuzuia maambukizi ya malaria, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ni suala tofauti: Shirika la Afya Duniani linaikubali bila kipimo cha G6PD.

Peroksidi si adui tu, lazima tuliseme hilo kwa sababu matangazo ya vidonge vya kuzuia uoksidishaji yamelificha. Kwa kiasi kidogo ni ishara. Protini iitwayo Keap1 ina sisteini kadhaa zinazokaa macho. Zikiguswa na molekuli kali, Keap1 humwachia mwenzake Nrf2, naye huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza glutathioni zaidi. Kuimwagia seli vidonge vya kuzima kila ishara kunaweza kuinyima nafasi ya kujiandaa.

Sasa tuje kwenye muhogo.

Mihogo, hasa michungu, ina linamarini: sukari iliyobeba sianidi. Ndani ya mzizi mzima linamarini inakaa mbali na kimeng'enya chake. Ukikata, ukakwangua, ukatwanga au ukavundika, kuta za seli hupasuka, viwili hivyo vikakutana, na sianidi hutoka kama gesi. Gesi hiyo huchemka kwa nyuzijoto 26 hivi, na mchana wa Mtwara mara nyingi huvuka hapo, kwa hiyo ikishaachiwa hupotea yenyewe hewani. Tatizo ni makopa yaliyokatwa vipande vinene na kuanikwa moja kwa moja. Maji hukauka kabla kimeng'enya hakijafanya kazi, na linamarini hubaki imefungiwa ndani ya kipande kikavu, cheupe, kizuri kwa macho. Weupe wa unga haukuambii chochote kuhusu sianidi. Kupika nako hakuokoi: moto wa sufuria huua kimeng'enya haraka, lakini linamarini hustahimili, ikaingia tumboni ambako bakteria wa utumbo huivunja.

Mwili hujitetea kwa kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho kinafahamika tangu 1933. Hukichukua chembe kimoja cha salfa, kinachotokana na sisteini, na kukibandika kwenye sianidi. Matokeo yake ni thiosianeti, isiyo na ukali ule, inayotoka kwa mkojo. Kila molekuli ya sianidi inakula angalau atomu moja ya salfa, na hapa ndipo hesabu inapouma.

Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Tuchukue unga ulioanikwa kwa haraka wenye miligramu 50. Mtu mzima anayekula nusu kilo ya unga huo kwa siku anapata miligramu 25 za sianidi. Kuiondoa yote kunahitaji salfa iliyomo kwenye miligramu 112 hivi za sisteini. Mahitaji ya mtu wa kilo 55 kwa asidi amino zenye salfa ni kama miligramu 825 kwa siku, kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kilo ya uzito. Mtu anayekula samaki hatayumba kwa miligramu 112. Lakini unga wa muhogo una protini asilimia 1 hadi 2 tu. Nusu kilo hiyo, hata tukikadiria kwa ukarimu, haimletei zaidi ya miligramu 300 za asidi amino hizo. Anayekula ugali wa makopa kwa chumvi na majani kidogo anaanza siku akiwa na deni la zaidi ya nusu, kisha sianidi inamkata sehemu ya hicho kidogo. Unga ukiwa na miligramu 100, makato yanakuwa maradufu. Glutathioni, ambayo utengenezaji wake unategemea sisteini iliyopo, inapungua wakati uleule ambao seli inaihitaji zaidi, kwani sianidi iliyosalia hushika kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji ndani ya mitokondria na kuvuruga matumizi ya oksijeni.

Hii si hofu ya vitabuni. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na kuikakamaza kwa maisha yote, uliripotiwa Mtwara na Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, ukame wa 1981 ulileta wagonjwa zaidi ya 1,100. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, na sura ni ileile kila mahali: ukame, mihogo michungu, utayarishaji uliofupishwa kwa njaa, na wiki kadhaa bila kitoweo cha protini. Ukame wenyewe huongeza linamarini kwenye mzizi, kwa hiyo njia iliyofaa mwaka wa mvua nzuri inaweza isitoshe mwaka wa kiangazi kirefu. Maumivu si makubwa, lakini miguu haipati nafuu kamili. Hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea, ni kuzuia tu.

Kuzuia huko kuko ndani ya uwezo wa jiko lolote. Kuvundika mihogo iliyomenywa kwa siku tatu hadi ilainike, kisha kuivunja na kuianika, huondoa sehemu kubwa sana ya sianidi. Pale maji ni ya shida, kama sehemu nyingi za uwanda wa Makonde, ipo njia ya kulowesha unga, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, nayo imetumika kusini mwa Tanzania.

Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, weka alama kwa ndani pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Mwanzoni utaona unga unashuka chini ya alama kwa sababu hewa inatoka. Endelea kuongeza hadi unga uliolowa upande tena na kufika kwenye alama. Hapo simama. Utandaze kwenye mkeka au turubai kwa tabaka jembamba, lisizidi sentimita moja, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga mkavu huamka kwa maji, huvunja linamarini, na gesi huondoka. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita. Kisha unga huo upikwe ugali siku hiyohiyo, maana ukilala mbichi utachacha na kuota ukungu.

Inaharibika wapi? Wengi hutandaza nene kwa kuwa mkeka ni mdogo, na katikati gesi hubaki. Wengine huweka maji machache, unga ukawa na madonge yenye unga mkavu ndani. Wapo wanaolowesha ndani ya beseni lililofunikwa kwa kuogopa vumbi na nzi. Funika kwa chandarua au kitambaa chepesi, usifunike kwa sahani. Hatari nyingine ni kutwanga mihogo mibichi na kuila siku hiyohiyo kabla haijakauka sawasawa: linamarini imevunjika, lakini sianidi bado imo katika umbo la kati linalosubiri joto na muda ili liachie. Sumu ya ghafla ya namna hii iliwahi kutokea kusini mwa nchi wakati wa ukame. Kutapika, kizunguzungu na udhaifu ndani ya saa chache baada ya mlo wa muhogo ni dharura, hasa kwa mtoto.

Kisamvu nacho kina linamarini nyingi, ila majani yana kimeng'enya tele. Twanga hadi kilainike kabisa, kiache dakika kadhaa, chemsha sufuria ikiwa wazi, ndipo utie tui. Kisamvu kilichopondwa nusunusu na kuwahishwa motoni kinabaki na sumu iliyotakiwa kutoka kinuni.

Upande wa kitoweo, habari njema ni kwamba mikoa hii imejaliwa. Gramu 30 za dagaa wakavu, ambazo ni konzi ndogo, zina karibu miligramu 700 za asidi amino zenye salfa. Yai moja lina kama 330. Kunde kavu gramu 100 zina 600 hivi, mbaazi karibu 500. Mikunde kwa kawaida hupungukiwa na methionini, na hapo ndipo ufuta wa Lindi unapostahili heshima kuliko inayopewa. Gramu 30 za ufuta, vijiko vitatu hivi vya chakula, zina takriban miligramu 280, nyingi zikiwa methionini. Mbaazi zilizoungwa kwa ufuta uliokaangwa na kusagwa zinajazana upungufu. Korosho gramu 30 zina 225 hivi, na inatuuma kuona inaondoka yote kwenye magunia huku watoto wa mkulima wakila ugali mkavu. Mizani hizi hubadilika kwa mbegu na kwa namna ya kukausha, ila mpangilio wake ni huo.

Thiosianeti inayobaki kwenye damu huizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Mlaji wa makopa anahitaji chumvi yenye madini joto kuliko mlaji wa wali. Chumvi ya mabwawa ya pwani isiyotiwa madini hayo haimsaidii.

Watoto wenye kwashakoo wana glutathioni ya chini kwenye seli nyekundu, na wakipewa sisteini ya ziada hospitalini huitengeneza haraka zaidi. Hata hivyo jaribio kubwa la Malawi lililochapishwa 2005, la kuwapa watoto mchanganyiko wa asetilisisteini (dawa inayoupa mwili sisteini), seleniamu na vitamini ili kuzuia kwashakoo, halikuonyesha kinga. Wauzaji wa vidonge vya glutathioni mitandaoni hawalitaji. Glutathioni ikimezwa, kiasi kikubwa huvunjwa tumboni. Mwili unataka malighafi.

Vitunguu saumu vina salfa ya aina nyingine. Alisini haimo kwenye punje nzima, huundwa ukiponda. Ponda, subiri dakika 10, ndipo uweke motoni, la sivyo joto huua kimeng'enya kabla hakijaiunda. Majani ya mlonge yakipondwa hutoa kemikali zenye salfa zinazogusa sisteini za Keap1. Ni viungo vyema vya mboga. Havijazi pengo la methionini, na asidanganywe mtu kwamba vinatibu konzo.

Na ile salfa ya mikorosho? Huua kuvu kwa kuingia kwenye seli zake na kuvuruga upumuaji. Kwa binadamu haigeuki kuwa sisteini, kwa kuwa hatuna njia ya kuijenga kutokana na salfa tupu. Mimea inaweza: salfa ikianguka udongoni, bakteria huioksidisha kuwa salfeti, mizizi ikanyonya. Bakteria hao hao huacha asidi, na mashamba ya kichanga yaliyopulizwa miaka mingi huchachuka, jambo la kupima kabla ya kulaumu mbegu. Anayepuliza avae barakoa na miwani, apulize alfajiri upepo ukiwa umetulia, asivute sigara karibu, maana vumbi la salfa hushika moto na moshi wake hukwangua mapafu. Mwenye pumu asipulize kabisa. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi ya kutiririka kwa dakika 15.

Wapo pia wenye aleji ya dawa za salfa, kama SP (dawa ya malaria) na Septrin, wanaoambiwa waache mayai na vitunguu saumu. Hapana. Aleji hiyo ni ya umbo la molekuli ya dawa, haihusiani na salfa ya chakula. Wanachotakiwa ni kumwambia mhudumu wa afya jina la dawa iliyowadhuru, kila mara, hasa mama mjamzito kliniki kabla ya kupewa SP.

La mwisho ni parasetamoli, kwa sababu iko kila duka. Ini hugeuza sehemu yake ndogo kuwa sumu, na glutathioni huikamata papo hapo. Kwa mtu mzima mwenye afya mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aliyekonda, aliyekaa siku bila kula, au mnywaji wa pombe wa kila siku ana akiba ndogo, na kwake mpaka huo ni mkubwa mno. Aulize kipimo kinachomfaa kwanza. Angalia pia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani yake, ukajikuta umezidisha bila kujua. Aliyezidisha anaweza kujisikia vizuri siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika. Dawa yake ni asetilisisteini, ambayo humrudishia ini sisteini ya kutengenezea glutathioni, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Usingoje macho yawe ya njano. Chukua pakiti ya vidonge, hesabu vilivyobaki, andika saa alipomeza, uende navyo hospitali.